Kiti cha Kushoto

Kimeletwa kwa mkokoteni kutoka mahakamani,
kiti cha kushoto, kile cha jaji mgeni:
ngozi imechanika, gurudumu moja halipo,
kinanuka jasho la watu walioondoka na pensheni.
Karani akasema, "Fundi Shali, hiki kimepata mwenyewe.
Jumatatu anaanza kusikiliza rufaa."
Nikamuuliza ni nani.
Akataja jina, nami nikatafuta pa kuegemea.

Mwanamkuu Famau.

Alipokuwa hakimu Lamu hajafika thelathini,
sauti ndogo, kalamu mbili, miwani isiyotaka kukaa puani.
Siku ya hukumu yangu punda alilia chini ya dirisha,
watu wakacheka, hata askari;
yeye akangoja punda amalize,
akasoma: miaka kumi na minne.
Injini ya boti, Mokowe, usiku,
na shahidi mmoja aliyeniona, eti, kwa mwanga wa tochi.
Tochi ya nani? Betri ngapi? Hakuna aliyeuliza.
Mamangu alisimama akasema, "Mngu yuwaona."
Akaambiwa aketi.

Shimo la Tewa nikajifunza randa na msasa,
na jinsi ya kuvuta ngozi isikunjike pembeni.
Mahakama Kuu ilinikatalia.
Mwaka wa sita majaji watatu wakakaa hapa Malindi,
wakaigeuza tochi ile huku na huku dakika arubaini,
wakaandika: hakimu alikosea.
Maneno mawili. Nikatoka na shuka na nusu mche wa sabuni.
Mamangu hakusomewa. Alikuwa ameshatangulia.

Na mwenzangu alikuwa akipanda.
Garissa, Kitale, Kisii, kisha joho la Mahakama Kuu.
Nilimsikia redioni siku moja, amewarudishia wajane shamba,
jirani akasema, huyu mama ni mtu;
nikazima redio yangu mwenyewe.
Siwezi kusema nilimwombea mabaya. Wala mema.

Mwaka huu Tume ikamhoji, tukamtazama kwa kinyozi.
Wakamuuliza vifungu, wakamuuliza mali yake,
na kwa nini anataka kwenda juu.
Kisha kamishna mmoja mwenye mafua akasema:
"Hukumu gani yako ungeifuta?"
Alivua miwani.
Wembe ulikuwa shingoni mwangu.
"Kesi namba mia mbili na tatu, Lamu," alisema.
"Nilimfunga mtu kwa tochi.
Mahakama ninayoomba kuingia ndiyo iliyonisahihisha.
Nakala yake ninatembea nayo mkobani."
Hakutaja jina langu. Labda kalisahau.
Lakini namba ile naijua kuliko ya simu yangu.
Kinyozi akasema, "Tulia, bwana, nitakukata."

Basi jina likatoka katika Gazeti la Serikali, akaapa,
na mimi huku nimekifungua kiti.
Chini ya sifongo nimekuta klipu za karatasi,
peremende ya tangawizi, kifungo cha shati.
Usiku wa kwanza niliacha msumari,
mmoja tu, mdogo, ukae ukingoja.
Usiku wa pili nikautoa.
Kazungu, anayejifunza kwangu, akauliza,
"Tuongeze sifongo, fundi? Huyu si ni mkubwa?"
Nikamwambia hapana.
Asiumie. Lakini asije akasinzia.

Kabla ya kupigilia ngozi niliandika kwa penseli kwenye mbao:
mia mbili na tatu.
Kazungu aliona. Hakuuliza, na nilimshukuru kwa hilo.

Jumatatu nilisimama mlangoni, na shati la Idi.
Wakainuka wote, wakaketi wote.
Yeye aliinuka tena kidogo, akajiweka sawa.
Gurudumu halikulia.
Mrufani alikuwa kijana, pingu zimefunguliwa sasa hivi,
anajisugua viganja.
Nikamwona jaji wa kushoto akiufungua mkoba.
Sikungoja kuona anatoa nini.

Ankara yangu bado hawajailipa.